Nimedanganya Kipimo cha Lambo ili Baba Mkwe Asifungue Koki

Mzee Ayamga wa safu ya ushauri, shikamoo, naomba unisaidie kabla ya siku ya soko maana hapo ndipo nitaumbuka, mimi ni Mdagaaba niliyeolewa kwa Wafrafra karibu na Bolgatanga, kaskazini mwa Ghana, na kwa kuwa najua kusoma nikapewa kazi ya kusoma nguzo ya vipimo iliyosimama ndani ya lambo letu, sasa nguzo inaonyesha nusu, na baba mkwe wangu Mzee Apasinaba, mwenyekiti wa lambo, alisema ikiwa nusu koki ifunguliwe watu wapande nyanya mara ya pili, lakini mimi nilipanda mtumbwi nikazamisha kamba yenye jiwe huku na huku, nikaona nguzo imesimama penye shimo, kwingine kote ni tope na maji ya magotini, tukifungua koki sisi na ng'ombe hatufiki msimu wa mvua. Nilipomwambia mume wangu akanicheka, "Unataka kumfundisha baba lambo alilolichimba mwenyewe?" basi nikaogopa, nikatangaza nguzo iko robo. Wakaahirisha. Sasa baba mkwe anasema siku ya soko kamati nzima itakwenda kuiangalia. Nikimbilie kwetu?

Pognaa

Pognaa mtani wangu, ukimbilie kwenu ukale kichwa cha mbwa, kile ambacho ninyi Wadagaaba mnatugombania kila siku kwa utani, na ni haki yetu Wafrafra? Huendi popote. Mimi shule niliiacha darasa la nne, mwalimu akafurahi kuliko mimi, lakini hili nalielewa. Umefanya kazi ya maana na kamba yako, halafu ukaiharibu kwa uongo wa kitoto. Nguzo haikukosea kitu, inasema kina cha pale iliposimama, basi. Wakigundua umedanganya, hata habari ya tope hawataiamini, na ng'ombe watakufa kwa sababu yako, si kwa sababu ya mkweo.

Najua, mke wa kuja kumpinga mkwe hadharani si mchezo. Basi usimpinge hadharani. Leo jioni mpelekee pito, ile pombe ya mtama iliyokolea. Piga magoti, sema, "Baba, nilidanganya, nguzo iko nusu." Atafoka. Mwache afoke, ndiyo kazi ya wakwe. Akichoka mjazie kata, anywe mpaka pombe ifike nusu ya kina. Iliyobaki imimine kikombeni aone ilivyo kiduchu, maana kata ni pana juu na nyembamba chini, na lambo ndivyo lilivyo. Sijaona mzee wa Kifrafra asiyejua hesabu ya pombe iliyopungua.

Asubuhi mpandishe mtumbwini. Kamba aishike yeye, wewe funga mdomo. Akishagusa tope kwa jiwe lake mwenyewe, mwombe yeye ndiye aiambie kamati: koki isiguswe, vitunguu vilivyoko shambani vimwagiliwe kwa ndoo, nyanya za pili zisahauliwe mwaka huu. Mumeo akinuna, mpe kasia apige.

Siku ya soko simama juu ya ukuta wa lambo mbele ya kamati, soma nguzo kwa sauti, namba ile ile iliyopakwa rangi. Kisha soma vipimo vya kamba. Wakikuuliza ipi ya kweli, waambie zote mbili, na koki ibaki imefungwa.