Machozi ya mama mkwe

Jumatano, 14 Mei

Kumbe hakunichukia. Kwetu mama wa bwana harusi hupiga vigelegele, lakini mama yake Adam, Mmarekani wa watu, alilia tangu mwanzo mpaka mwisho wa harusi yetu. Shangazi akaninong'oneza, "Huyu hakutaki, mwanangu."

Leo nilikuwa na mama mkwe kwenye basi la Kilburn, nikamwuliza kwa nini alilia. Akasema utotoni mwake, huko Virginia, Mzungu kuoana na Mweusi lilikuwa kosa la jinai. Dada yake aliolewa na Mweusi, polisi wakaja kuwatoa kitandani.

Kitandani. Mimi na Adam wangu, kipenzi cha roho yangu, tungefungwa kwa kulala chumba kimoja. Mpaka sasa nimepigwa na butwaa.

"Nililia kwa sababu hakuna aliyekuja kuwakamata ninyi," akasema.

Nikamwita Mama, neno nililokuwa nikilikwepa tangu harusi.