Irudishe Hiyo Pikapu ya Ngao

Mpendwa mpwa wangu Wafula,

Kama si mimi mjomba wako, khocha kama ulivyozoea kuniita, nusu ya Nairobi ingekuwa inatembea kwa miguu hadi leo. Unajua, na Kawangware nzima inajua. Waziri mmoja, jina nalimeza, aliwahi kuniletea gari iliyowashinda mafundi wote wa mjini. Niliipiga teke moja tu chini ya injini, ikanguruma. Teke moja! Mzee wa watu alilia machozi.

Barua mbili nimekutumia huko Kitale, hukujibu. Hii ya tatu naiandika wazi, aisome anayetaka, hata wale mafala wa gereji yetu, kwa sababu mama yako ameniambia umenunua pikapu. Ya Ngao. Ya mwaka uleule kama ile yetu.

Unakumbuka tulivyoiabudu Ngao, ile chuma ya Mwingereza yenye nembo ya ngao puani? Siku hizo magari ya Mjapani ndiyo yalikuwa yanaanza kuingia, na Otieno, fundi wetu wa kupiga rangi, akasema mbele ya wateja, "Mzee, Ngao siku hizi ni jina tu. Ubora ulipanda ndege na wenyewe." Nilimshushia ngumi akaangukia kwenye debe la rangi, akainuka mwekundu hadi masikioni, tukakabana mpaka shati zote mbili zikaisha. Watu sita walitutenganisha. Haya, wanne. Na wewe umesimama na spana, unapiga kelele, "Mpe khocha! Mpe ile ya Mwingereza!"

Halafu kampuni ikatuma barua. Ulinisomea wewe, maana mimi siku hiyo macho yalikuwa na vumbi. Kiungo cha usukani, kile kinachoshika gurudumu la mbele, kilikuwa na kasoro tangu kiwandani. Kila mwenye pikapu ya mwaka ule airudishe, watambadilishia bure. Nilikunyang'anya hiyo karatasi nikaichana.

"Bure? Tangu lini tajiri akakupa chuma bure? Ukiipeleka hutaiona tena. Wamejuta kututengenezea kitu kigumu hivi, sasa wanakitaka."

Ukakubali, kwa sababu hata wewe ulishaona watu wakiitwa ofisini na gari zao, wakarudi kwa miguu, gari zimebaki huko. Tukaisukuma nyuma ya stoo ya makaa, tukaifunika magunia wiki mbili, tunaificha isipate dawa ya bure, kama watu wanaoficha mwizi. Na kile kiungo kilikuwa kinacheza, Wafula. Nilikiona. Nikakifunga kwa ukanda wa tyubu kuukuu na waya, jinsi tulivyofunga mamia, nikakigonga nyundo. "Hii sasa," nikakuambia, "itatuzika sisi sote."

Ilibaki kidogo itimize neno hilo. Ile asubuhi ya kuteremka mtaa wa Gatwekera tumebeba mabati, usukani ulizunguka mikononi mwako kama sahani. Ulisema neno moja tu, "Khocha," polepole, kama mtu anayeomba maji. Tukapasua ukuta wa udongo, tukang'oa jiko la mama wa mandazi, na mafuta yakammwagikia mkono mpaka kiwiko. Ule ukelele wake nausikia hata nikiwa kanisani.

Vumbi halijatulia, watu wa mtaa wakakuvuta kwa dirisha. "Mlevi huyu! Mmalizeni mlevi!" Mawe, mbao, mateke ya kichwa. Mmoja alikuwa na mwiko wa ugali, na huyo ndiye aliyekupiga kuliko wote. Walikukanyaga mkono mpaka nikasikia mfupa ukilia kama kuni kavu. Mimi nilirusha watu kumi na mmoja siku ile, hilo lisisahauliwe. Lakini aliyekuokoa ni yule mama. Alikulalia juu, ngozi inamning'inia mkononi, akawapigia kelele: "Mimi ndiye nimeungua! Nyinyi mnamlipizia nani?"

Hospitalini, mdomo wako umefura kama andazi, uliniuliza, "Khocha, ni gari au ni mimi?"

Nikakujibu, "Ni wewe, mwanangu. Ulikata kona kama mwendawazimu. Ngao haina kosa."

Nikalirudia neno hilo kwenye gereji, nikalirudia nyumbani, nikalirudia mbele ya baba yako. Ukaondoka Nairobi na mkono uliopinda, umeamini. Na kwa imani hiyo ukadunduliza shilingi zako, ukanunua jeneza lilelile.

Basi nisikilize. Ilikuwa gari. Kiungo nilikikuta kimekatika palepale nilipofunga tyubu, nikakitupa chooni kabla polisi hawajafika. Otieno alisema ukweli nikamvunja uso. Jina la gari linaweza kukaa kubwa miaka kumi baada ya chuma yake kuoza, na sisi tunalipigania kama jina la baba. Hata huyo Mjapani wanayemsifu sasa, siku yake nayo itamfika. Yule mama amejenga jiko lingine palepale, na mimi nikimwona navuka upande wa pili.

Salimia mke wako, ubusu watoto. Usiiwashe hiyo pikapu hata kwenda dukani. Ivutwe mpaka Eldoret, kampuni ina karakana huko, na bado wanapokea. Hawanyang'anyi mtu.

Utauliza nimejuaje. Ile pikapu yangu ya sasa, nayo Ngao ya mwaka uleule, ninayowaapia watu haijaguswa na fundi mwingine tangu izaliwe, niliirudisha. Nilifika kwenye lango lao hawajafungua, nimejifunika kofia ya mvua ya mke wangu. Kijana akabadilisha kiungo kwa dakika ishirini, anapiga mluzi. Karani akauliza jina la mwenye gari, nami nikaogopa langu lisije likafika Kawangware. Nikamwambia naitwa Wafula.

Ni mimi,
khocha wako