Kiti cha Abiria

Dada Ragnhild,

Salamu kutoka huku baridi ilikotia fora. Soksi zako zimefika, zimenikaa vizuri. Nimepika chewa na maini yake, ila chakula hakishuki.

Torfinn amekwama mlimani Saltfjellet. Barabara imefungwa kwa tufani, magari yanangoja kizuizini mpaka gari la kusukuma theluji liyaongoze kwa msafara. Nawe unalijua gari letu la umeme, baridi inakunywa betri kama maji. Simu yangu, iliyounganishwa na gari, inaonyesha chaji ya gari imebaki asilimia kumi na moja.

Nikampigia. "Mume wangu, una mtu wa kukusaidia hapo?"

"Niko peke yangu, mama watoto. Pembeni kuna mkoba tu. Acha wasiwasi wako!"

Lakini simu inaonyesha viti vyote viwili vya mbele vinapashwa joto. Nikasema labda amebonyeza kwa bahati mbaya. Nikakizima cha abiria kwa simu nikiwa hapa hapa jikoni, tuokoe chaji.

Kikawashwa. Nikazima. Kikawashwa tena.

Dada, tangu lini mkoba ukasikia baridi?

Mdogo wako,
Gunnvor