Mama, Hukuwa Unapenda Jani

Mama,

Ugonile. Nimeandika hiyo salamu halafu nikakaa kama mjinga, nikisubiri uitikie. Mwaka umepita na miezi juu yake, na bado nasubiri.

Nakuandikia nikiwa barazani kwako, hapa Busale, kwenye kigoda chako cha kuchambulia mchele. Mpunga tumeshavuna, ingawa si mwingi, kwa sababu maji yalizidi kule bondeni. Ule mkakao wa nyuma ya choo umezaa kuliko yote. Wewe ungekuwa na maelezo, mimi sina. Mdogo wako, mama mdogo Tumpe, ni mzima, na mdomo wake mzima pia. Mjukuu wako Sekela yuko darasa la nne. Hizo ndizo habari nzuri. Nimezitanguliza kwa sababu nikishaanza hii nyingine sitaweza kurudi kwenye habari za kakao.

Ngoja niseme. Ugonjwa wako wa ngozi haukuwa wa kuambukiza.

Basi, nimeshasema. Nilidhani nikiandika nitapata nafuu, na sijapata.

Unakumbuka ulivyoanza? Kiraka kimoja kwenye kiwiko, chenye rangi ya zambarau iliyofifia, na juu yake magamba meupe. Ukasema ni maji ya majaruba, kila anayepalilia mpunga anawashwa. Kikaja kichwani, tukaita mba. Kikashuka magotini na kiunoni. Asubuhi ulikuwa unakung'uta shuka lako mwenyewe kabla sijaamka, ili nisione yale magamba. Nilikuwa nayaona, Mama. Nilikuwa naamka nikiwa nimejifunika gubigubi, nakusikia unavyokung'uta.

Ndipo nikaja na dawa yangu. Mimi, Bupe, bingwa wa kila kitu. Kila Jumamosi niliroweka pumba za mpunga kwenye maji ya moto na chumvi, nikakukalisha nyuma ya nyumba, nikakusugua kama tunavyosugua masizi ya sufuria. Uliuma meno ukasema, "Sugua tu, mwanangu, mpaka itoke." Na ilitoka kweli. Magamba yalibanduka, damu ikatoka kidogo, tukaona ngozi safi chini yake tukafurahi. Wiki mbili baadaye viraka vinarudi, na vingine vipya vinazaliwa pale nilipokuchubua. Mgongoni vilijipanga kwa mistari mirefu, vikifuata njia ya mkono wangu. Tukaangalia ile mistari tukasema, huu ugonjwa unatembea. Na kinachotembea kwa mtu mmoja kinaweza kuhamia kwa mwingine. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yetu, yangu na ya mama mdogo, na ya kila aliyekuja kutusaidia kuangalia.

Halafu yule muuza dawa wa gulioni akakuchoma sindano, ukatakata mwezi mzima. Tukaimba. Ugonjwa uliporudi ulirudi na hasira, ukakufunika mpaka shingo.

Mama mdogo akaniambia, na unajua yeye hana sauti ya chini, "Bupe, una mtoto mdogo humu ndani." Sekela alikuwa na miaka mitatu. Alikuwa anakula na wewe sahani moja, unamtengea minofu ya samaki upande wake na kumtolea miiba. Siku ile nikapakua wali kwenye sinia, wa kwako nikauweka pembeni kwenye bakuli la bluu. Nikamvuta mtoto akae kwangu. Uliliangalia lile bakuli, ukala, ukanawa.

Kesho yake ulikwenda mwenyewe migombani ukakata jani. Ukalipitisha juu ya moto mpaka likalainika, ukalitandika mbele yako, ukasema, "Nipakulieni humu. Napenda harufu ya jani, inanikumbusha utoto wangu."

Na mimi moyoni nikasema, afadhali.

Hilo ndilo linaloniua. Sikuuliza. Nilikuamini kwa sababu kukuamini kulinifaa. Wageni wakija nawaambia, "Mama huyu bwana, bila jani hali," na wewe unacheka pamoja nao. Miaka mitano. Kanisani watu wakipeana mikono ulikuwa unaificha ya kwako ndani ya kitenge na kusalimia kwa mdomo. Nyumbani ukalala chumba cha nyuma chenye magunia. Hakuna aliyekufukuza, ndiyo, lakini hakuna aliyekuita urudi.

Ulipoanguka na ile presha hukukaa hata siku tatu. Wanawake wa kanisa walikuja kunisaidia kukuosha. Nilivaa glovu, Mama. Jozi mbili, moja juu ya nyingine. Hakuna aliyeniambia nivae. Mara ya mwisho kukushika, nilikushika kupitia mpira.

Niliacha kuandika hapo, nikaenda kuwalisha kuku ambao walishakula. Nimerudi.

Msimu wa kupanda uliofuata nikaona kiraka kwenye kiwiko changu. Cha kushoto, kama wewe. Sikumwambia mtu. Nilivaa mikono mirefu katika joto hili la Kyela, mpaka mama mdogo akaniuliza kama nimebadili dini. Niliroweka pumba zangu nikajisugua mwenyewe, peke yangu, nyuma ya nyumba palepale. Vikaongezeka. Vikapanda kichwani. Siku moja nikasahau nikakunja mikono nikiwa natwanga, na Sekela akaona.

Mchana wake nilipika wali na samaki mbasa, nikakaa mkekani. Nikamwona mtoto anatoka migombani na jani. Alilipitisha juu ya moto taratibu, kama ulivyokuwa unafanya, akageuza na upande wa pili. Akalitandika mbele yangu. Akanipakulia wali, samaki akamweka upande, vizuri kabisa. Akasema, "Na wewe utakula kama Bibi." Hakuwa na dharau hata chembe, Mama. Alikuwa ananihudumia. Halafu akachukua sahani yake akakaa mwisho wa mkeka, mbali, kama nilivyomfundisha.

Nilikula. Nilisubiri ile harufu nzuri ya jani. Kulikuwa na harufu ya moshi, na mchuzi ulikuwa unakimbilia pembeni mpaka nikauzuia kwa mkono, na niliona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo. Mama, hukuwa unapenda jani. Miaka mitano ulikuwa unazuia mchuzi kwa mkono na kutuchekea.

Wiki ile ile nilikwenda hospitali. Si kwa sababu ya kiwiko. Nilikwenda kwa sababu nisingeweza kula lile jani mara ya pili. Hapa Kyela wakaniandikia niende Mbeya kwa daktari wa ngozi. Sikujua kama yupo daktari wa ngozi tu, na wewe hukujua. Umewahi kumsikia wapi?

Ni mwanamke, mdogo kwangu kwa umri. Alinishika mkono bila glovu. Nikauvuta, nikamwambia, "Daktari, utaambukizwa," naye akaurudisha mkononi mwake akaendelea kuangalia kama vile sijasema kitu. Alinigusa na pamba huku nimefumba macho akauliza kama nahisi, nikasema nahisi, akasema basi si ukoma. Alikwangua magamba kidogo kwa ukingo wa kioo, yakatoka kama nta ya mshumaa, na chini yake vikatokea vitone vidogo vya damu. Mengine akayapeleka kupimwa kama ni fangasi. Hayakuwa fangasi. Akaangalia nyuma ya masikio, akaangalia kucha zangu moja moja. Zina vitundu vidogo kama zimechomwa sindano. Akauliza, "Nyumbani nani mwingine ana kucha za namna hii?"

Nikasema, mama yangu.

Alinitajia jina la ugonjwa, soriasisi, akaniandikia kwenye karatasi kwa sababu nilishindwa kulishika. Akasema ni kinga ya mwili inayokosea, inaiharakisha ngozi, ngozi mpya inakuja kabla ya ya zamani kuondoka, ndiyo maana inarundikana. Akasema hauambukizi, si kwa sahani, si kwa maji, si kwa kitanda, si kwa mkono. Ila unaweza kutembea katika ukoo, kama sura. Akauliza natumia nini. Nikasema nasugua na pumba za mpunga. Aliweka kalamu chini. Akanieleza polepole kwamba ngozi yenye ugonjwa huu ukiichubua, inaota kiraka kipya palepale ulipoichubua.

Nikaiona ile mistari ya mgongoni mwako. Haukuwa unatembea, Mama. Nilikuwa naupanda mimi, Jumamosi kwa Jumamosi, kwa mikono yangu, na matokeo ya kazi yangu ndiyo niliyoyatumia kukuhukumu.

Nilimsimulia habari zako zote. Sindano ya gulioni. Akasema sindano za namna hiyo zinatuliza, na zikiisha ugonjwa unarudi kwa nguvu. Vidole vyako vilivyokuwa vinavimba asubuhi, huwezi hata kushika ungo mpaka jua lipande, nasi tukasema ni uzee na jembe. Daktari akasema hajakuona, hawezi kuwa na uhakika, ila huenda ni ugonjwa uleule ulioingia kwenye viungo, na hata huo una dawa yake. Huenda. Sijui nilipeleke wapi hilo neno. Ulimi ulishafunguka nimwambie nitakuleta kliniki ijayo. Ndipo nikakumbuka.

Alinipa mafuta ya kulainisha magamba, na dawa ya kupaka kwenye viraka kwa wiki alizonitajia, nisizidishe wala nisikatishe. Nipake mafuta mazito mara nikitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na majimaji. Nisisugue, nisibandue, nisinunue dawa isiyo na jina. Akasema hauponi moja kwa moja, unatulizwa, na siku nyingine utaamka tena bila kuniomba ruhusa. Viwiko vimeshalainika sasa. Kichwani bado kubishi. Na unajua nakuwaje kiraka kikitulia? Nakasirika. Naangalia kiwiko changu kilivyo laini nataka kukipiga. Ilikuwa rahisi hivi.

Nilimkalisha Sekela nikamweleza yote. Akasikiliza, akaishika ile karatasi ya daktari, akasoma jina vizuri kuliko mimi. Halafu akauliza, "Kwa hiyo na Bibi alikuwa haambukizi?"

Nikasema, ndiyo.

"Sasa kwa nini alikuwa anakula kwenye jani?"

Mama, jibu nilikuwa nalo mdomoni. Uliniachia wewe mwenyewe, umelitengeneza likatengenezeka: Bibi alipenda harufu yake. Ningelisema, na mtoto angeamini, na mimi ningeishi humo ndani mpaka na mimi nizikwe. Nilimwambia ukweli. Nilimwambia, mimi ndiye niliyemtenga, na Bibi akajifanya anapenda ili nisione haya.

Sekela akaikunja ile karatasi taratibu, akauliza, "Ulimwomba msamaha?"

Ndiyo maana naandika. Mtu mzima mimi, nimeulizwa na mtoto wa darasa la nne na sina jibu. Naomba msamaha, Mama, na najua naomba mahali ambapo hapana wa kusema nimekusamehe. Hata ungekuwepo najua ungesema nini. Ungesema, "Aa, mambo ya zamani hayo, lete chakula." Afadhali ungenigombeza.

Sasa tunakula sahani moja, mimi na yeye. Lakini nakuambia kweli, bado anaangalia kiwiko changu kabla ya kutia mkono. Sekunde moja tu. Halafu anatia. Siwezi kuiondoa hiyo sekunde. Mama mdogo nimemweleza mara tatu, anaitikia kwa kichwa, na akija anakunywa chai kwa kikombe alichotoka nacho kwake.

Daktari amesema Sekela anaweza kuupata na anaweza asiupate. Kila Jumapili nikimsuka naangalia kichwani, mstari kwa mstari. Nikiuona siku moja, hizi ndizo ahadi zangu kwako: nitampeleka kwa daktari kabla ya mtu yeyote kuleta dawa yake, nitampaka mafuta kwa viganja vyangu hivi, na atakula na mimi. Na hakuna jani litakalokatwa katika nyumba hii ili mtu ale chakula peke yake. Hilo nimemwambia na mama mdogo, kwa sauti kama ya kwake.

Ndaga, Mama, asante kwa kila kitu, na kwa lile jani pia, ingawa sikustahili. Pumzika. Vidole visikuume huko.

Kaburi lako limeota majani tangu mvua zile. Kesho asubuhi nakuja na Sekela. Jembe naliacha nyumbani. Nitayang'oa kwa mikono, moja moja, bila glovu.

Mwanao,
Bupe