Kiapo cha Mtaroni

Tarehe 3 Juni

Mdogo wangu Misumari,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au bado unameza vumbi la saruji? Sisi wazima, ila Mama macho yamemwisha. Sasa anatutambua kwa kutushika mikono. Mgeni akiingia, hata salamu hazijaisha, anaambiwa, "Lete mkono."

Simu yako haipatikani mwaka wa tatu huu, ndiyo maana nakuandikia. Nataka uisikie habari hii kutoka kwangu. Sigombei tena. Hapa ofisini wamenuna kama waliofiwa. Karani wangu hata chai ameacha kuniletea. Wakiuliza sababu nawaambia nimechoka. Wewe nitakwambia kweli.

Siku ile ya kubomoa vibanda vilivyoziba mtaro, nilianza na karakana yako ya useremala. Nilitaka watu waone kwamba meya hapendelei ndugu. Nikasimama pale, nikamwonyesha dereva wa tingatinga kwa kidole. Ukaitema misumari iliyokuwa mdomoni, mmoja mmoja, ukasema mbele ya umati kwamba hutakanyaga mji huu mpaka niondoke kwenye kiti. Huu mwaka wa tisa. Kila asubuhi Mama ananiuliza, "Bado umekikalia?" Haulizi kwa hasira. Anauliza kama mtu anayeuliza kama mvua imeacha.

Basi nakiacha. Rudi nyumbani.

Dada yako,
meya wa miezi mitatu iliyobaki

*

Tarehe 20 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Barua imenifikia jana, nimeisoma mara nne. Mimi mzima wa kukohoa. Simu usiitafute. Ilinichomoka mfukoni tukimwaga zege, sasa iko ndani ya nguzo ya ghorofa ya sita. Ukipiga labda jengo litaitikia.

Dada, usifanye hivyo. Shule niliishia la sita, maneno ya kuzunguka siyawezi. Kile kiapo kilikwisha zamani. Hasira ilinitoka mwaka wa pili, siku niliposikia mvua imenyesha wiki nzima na maji hayakuingia kwenye nyumba hata moja karibu na soko. Nilikuwa kwenye ngazi, ndoo begani. Nikasema, kumbe alikuwa sahihi. Nikaendelea kupanda.

Utauliza, mbona hukurudi? Aibu, Dada. Niliondoka kwa kelele, nikajiambia nitarudi fundi mkubwa. Leo nina miaka arobaini na saba, nabeba ndoo pamoja na vijana wanaoniita babu. Wakiniuliza, "Wewe kwenu huendi?" nawajibu, "Dada yangu yuko kwenye kiti." Wananiona mtu wa msimamo. Nikakiacha kiapo kiseme badala yangu, na nyinyi mkakiamini. Hilo ni kosa langu, wala si lako.

Na mtaro haujafika bondeni. Nani ataumalizia? Gombea. Nitakuja ukiwa umekaa palepale.

Mdogo wako

*

Tarehe 11 Julai

Mdogo wangu,

Salamu. Mama yupo, ila chakula anakionja tu.

Barua yako imefika Jumanne. Fomu za wagombea zilifungwa Ijumaa iliyotangulia, saa kumi jioni. Siku nne, mdogo wangu. Karani alikuwa amenijazia fomu yangu bila kuniambia, akaiacha mezani, imebaki saini tu. Saa kumi ilipopita akaikunja, akaisukumia chini ya mguu wa meza inayoyumba. "Angalau ifanye kazi," akasema.

Aliyebaki kwenye kinyang'anyiro ni yule mwenye ghala la mbao, na ameshasema mtaro hautapita kwenye kiwanja chake. Usipopita hapo haufiki bondeni. Jana wamekuja wanawake wa bondeni, kumi na mmoja. Hawakupiga kelele, ningeshukuru wangepiga. Mmoja akaniuliza, "Mheshimiwa, tulikukosea nini?" Ningemjibu nini? Kwamba mtaa wake utaoga maji machafu kwa sababu ya maneno ya seremala aliyekasirika?

Siku mbili nimekulaumu. Leo nimechoka hata kulaumu.

Halafu kuna hili. Alhamisi, siku moja kabla ya kufunga, simu ya ofisini ililia. Nikasema, "Ofisi ya meya." Mtu akavuta pumzi, akakata. Sitaki kujua alikuwa nani.

Mama nimemsomea barua yako yote. Akasema, "Kumbe ni ujinga tu. Mimi nilidhani ametuchukia." Njoo.

Dada yako

*

Tarehe 1 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Umesema hutaki kujua, lakini nitakwambia. Nilikuwa mimi. Niliazima simu ya msimamizi, nimejipanga kusema maneno mawili tu: "Dada, gombea." Ulipoitikia, sauti ilikuwa ileile ya siku ya tingatinga. Nikajikuta nimebana midomo kama mtu mwenye misumari kinywani. Msimamizi akaniuliza, "Hawapo?" Nikasema hawapo. Wale wanawake kumi na mmoja nimewakosea mimi, wala si wewe.

Nakuja. Ila pasi yangu ya kuvuka mpaka ilikwisha muda, na ubalozi wetu huku, wanaotoa mpya, wanataka alama za vidole. Niliweka kidole kwenye mashine, ikakataa. Cha pili, ikakataa. Vyote kumi. Saruji imenila alama zote. Dada wa dirishani akasema, "Mzee, wewe huna vidole." Nikamwambia ahesabu. Akacheka, lakini hakunipa karatasi. Amesema nisiguse saruji mwezi mzima, nipake mafuta asubuhi na jioni, kisha nirudi.

Nimeacha kazi jana. Kambini wamenitoa, nalala kwa rafiki nyuma ya gereji. Miaka yote hii mikono ndiyo iliyonitunza, sasa mimi nimekaa kitako naitunza yenyewe. Rafiki yangu ananiita bibi harusi.

Mwambie Mama asubiri kidogo. Mwambie safari hii si ujinga, ni vidole.

Mdogo wako

*

Tarehe 30 Agosti

Mdogo wangu,

Kama umesimama, kaa kwanza.

Mama hatunaye. Ametutoka juzi Jumatano, alfajiri. Nilipiga ile namba iliyonipigia mwezi wa saba; msimamizi akasema uliacha kazi, hajui unakolala. Basi habari hii inakufuata polepole kwa barua, nisamehe.

Ofisi nimekabidhi wiki iliyopita. Nikarudi nyumbani kukaa naye. Kila nikimshika mkono ananiambia, "Huyu ni wewe, mkono wa kalamu. Mwenzako yuko wapi?" Namwambia anakuja, ni vidole tu. Anaitikia kwa kichwa, baada ya saa moja anauliza tena.

Jumanne alikuja mwashi mmoja wa mtaroni kuniaga. Mkubwa mpya ameshasimamisha kazi. Mama akasikia mlango. "Lete mkono," akasema. Mwashi akampa. Mama akaupapasa mkono ule taratibu, sugu, nyufa, saruji iliyoganda kwenye kucha. Uso wake wote ukafunguka. Akasema, "Misumari, umekuja."

Mwashi akanitazama. Kazi yangu miaka kumi ilikuwa kusimama mbele ya watu na kusema. Pale nikamwashiria kwa kichwa tu abaki.

Mama akamwuliza, "Umekula?"

Akajibu, "Nimekula, Mama."

"Mbona umekonda mkono hivi?"

"Kazi, Mama."

Hakuuachia ule mkono. Mwashi akakaa ameinama hivyo karibu saa mbili, mgongo unamuuma namwona, mpaka Mama akalala. Hakuamka kuongea tena.

Sijui kama nilimpa kitu Mama, au nilikuibia wewe. Ukifika utaniambia mwenyewe, na lolote utakalosema nitalipokea. Tumemlaza karibu na Baba.

Dada yako

*

Tarehe 2 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo, na Mama mpe shikamoo yake. Barua yako ya mwisho niliyopata ni ile ya Julai. Najua, kukabidhi ofisi kumekubana.

Mashine imenikubali. Nimeweka kidole gumba asubuhi ya leo, ikawasha taa ya kijani papo hapo. Dada wa dirishani akasimama, akasema, "Mzee, umeota vidole." Karatasi inatoka tarehe kumi na tisa, ishirini napanda basi.

Nimenunua nyundo. Kitu cha kwanza nitakwenda bondeni, kwa wale wanawake kumi na mmoja, niwaambie mbele ya watu aliyewakosea ni nani. Sauti ya kusema mbele ya watu ninayo, uliisikia. Kisha tutaona mwenye ghala atafanya nini watu wakishika majembe wenyewe.

Jambo moja nakuomba, umtayarishe Mama. Mwezi mzima wa mafuta umeniharibu, sugu zote zimebanduka, mikono imekuwa laini kama yako. Nikiingia ataniambia nilete mkono, ataupapasa, atasema huyu siye. Mwambie kuanzia sasa, umrudie kila siku azoee, kwamba huo mkono laini ndio wangu.

Mdogo wako,
Misumari