Kocha Aliyegonga Mlango wa Fungate

Mtaa wa Gongoni,
S.L.P. 214,
Tabora.
19 Julai 1973

Mpendwa Dada Mwanamkuu,

Shikamoo. Natumaini homa imekwisha, na hapo Ujiji Baba Mdogo na Mama Mdogo wanaamka salama. Mimi ni mzima kupita kiasi. Shaban wangu akirudi kutoka karakana ya reli, naijua baiskeli yake tangu kona ya msikiti, na moyo unatangulia kumpokea. Usinicheke.

Barua yako nimeipata. Unasema Yahaya, yule kocha wa Ndola, ameleta posa, na Baba Mdogo anangoja jibu lako Ijumaa ijayo. Unauliza ni mtu wa namna gani. Bora umeniuliza mimi.

Mpira aliujua, sitamnyima hilo. Alikuwa winga wetu hapa Tabora, mpaka timu moja ya migodini kule Zambia ikamchukua. Goti lilipovunjika wakampa filimbi afundishe, na filimbi haijatoka shingoni tangu hapo. Amekuja likizo, anaivaa hata msikitini. Kila neno ni "kule kwetu Ndola", mtu aliyezaliwa hapa Gongoni, nyuma ya kwa kinyozi.

Wazee wa timu walimwomba awanoe vijana kwa mechi ya Saba Saba na kijiji cha ujamaa cha Goweko. Shaban ndiye beki wa kutegemewa, lakini sikukuu ilitukuta ndani ya fungate, na unajua bwana harusi hatoki mpaka siku saba ziishe. Wazee wakaweka beki mwingine. Yahaya hakukubali. Asubuhi ya mechi alikuja mpaka uani, akagonga mlango wetu, akapuliza filimbi.

Bibi Maua, kungwi wangu, alikuwa hapo nje akiosha mchele.

"Nitolee beki wangu," akasema Yahaya.

"Hapa hakuna beki. Kuna bwana harusi."

"Bibi, hayo ya kizamani. Kule kwetu Ndola mtu anaoa asubuhi, jioni yuko uwanjani."

"Na bibi harusi?"

"Atamkuta. Anakwenda wapi?"

"Ndiyo maana mpaka leo unalala na filimbi, mjukuu wangu. Ondoka, nisije nikakumwagia haya maji."

Akaondoka. Jioni kelele za uwanja zilitufikia chumbani. Shaban alilaza kichwa mapajani pangu, akafumba macho, akawa ananieleza, kwa kuzisikia kelele tu, mpira uko kwa nani. Mguu wake ulikuwa unarukaruka, maskini, lakini hakusema anataka kutoka. Siku hiyo ndipo nilipompenda mpaka nikaogopa.

Goweko walishinda mabao manne kwa bila, vijana waliotoka shamba la kijiji, wengine peku. Kocha akatangaza mjini kwamba timu yake imeuawa na mwanamke. Ndiyo mimi huyo.

Sasa sikiliza la kwako. Fungate ilipokwisha alikuja kumwuliza Shaban habari zako. Hakuuliza unapenda nini wala unachekaje. Aliuliza, "Ni mrefu? Ana pumzi? Hana ugonjwa ugonjwa?" Shaban akamjibu, "Shemeji yangu hadaki mpira." Yule bwana hata hakucheka, akaendelea kuuliza.

Najua kinachokusukuma. Watu wanasema mdogo ametangulia, mkubwa amebaki. Inaniuma kwamba harusi yangu ndiyo wanayokusimangia. Lakini usiolewe ili kuwanyamazisha, dada. Watanyamaza wiki moja, nawe utakaa Ndola miaka ukimngoja mtu ambaye hata siku ya harusi hana nafasi nawe. Mwambie Baba Mdogo hapana, kwa mdomo wako, kabla ya hiyo Ijumaa.

Akikasirika, panda treni uje. Nimemwambia Shaban, naye hakuuliza utakaa muda gani. Jana ameanza kupaka chokaa chumba cha uani.

Nisalimie Mama Mdogo na kaka Shomari. Bibi Maua anakusalimu sana. Mungu akupe mtu atakayeona raha kukaa nawe.

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,
Kuluthumu