Umwambie Serge Anaweza Kumsukuma Tonton Kalala

Papa Béa,

Salamu nyingi kutoka hapa Ganshoren, Brussels. Mimi nakusalimu wa kwanza, niko muzima, ni magoti tu yanayolalamika baridi ikiingia. Béa anakusalimu, siku hizi anatunza mzee mmoja Mbelgiji, anamwogesha na kumlisha, na yule mzee amezoea kumwita binti yake. Nadine anakusalimu, meno ya mbele yameng'oka yote na bado hanyamazi, anatuimbia nyimbo za Kiflama za shule ambazo hapa nyumbani hakuna anayezielewa. Madame wa chini, yule mwenye mbwa, anakusalimu, anasema kengele yake ya mlango imeharibika tena na hajui amwite nani. Mama yako kule Lubumbashi anakusalimu. Kwenye simu anakutaja kama muntu aliyetoka kidogo kununua mkate. Tonton Kalala, ndugu yako, anakusalimu sana. Serge naye anakusalimu, ila hajui kama ninakuandikia.

Bon. Ni kwa ajili ya hao wawili wa mwisho nimekaa hapa mezani. Béa alitaka aniandikie, nikakataa. Maneno haya nayaandika mwenyewe, hata yakienda polepole.

Unakumbuka Serge alivyokuwa kwenye timu ya vijana, ule mchezo wa Waamerika wa kofia ngumu na mpira uliochongoka kama yai? Wewe ndiye uliyenieleza kazi yake, kwa vijiko na chumvi, hapa hapa mezani. Anasimama mwisho wa mstari, kwanza amsukume yule aliye mbele yake, halafu akimbie, ageuke, adake mpira. Kazi mbili kwa muntu mmoja. Ulikuwa unasimama pembeni ya uwanja na koti lako la Jumapili, unapiga kelele, "Attrape, Serge, attrape!" huku umenyoosha mikono kana kwamba mpira unakuja kwako. Na mutoto anadaka! Wazungu wanauliza huyu ni mtoto wa nani, wewe unajifanya hujasikia ili waulize tena.

Basi ulipoondoka, timu ya wakubwa ikamchukua. Ile anayochezea Tonton Kalala. Tonton mwenyewe ndiye aliyempeleka, akamsifia kwa kocha, akasema mwaka huu mtaona. Hawakuona kitu, Papa Béa. Mutoto akawa kama amemwagiwa maji. Kocha alikuwa anachagua wa kucheza kwa kuwaangalia kwenye mazoezi, na kwenye mazoezi Serge alikuwa hasukumi, anagusa tu, anapisha. Donc anakaa kwenye benchi. Wakimwingiza mwisho mwisho, moyo umeshapoa, mpira unamfika mikononi na kuanguka.

Mimi nilifikiri ni njaa. Nikamsongea bukari nyingi zaidi, nikaongeza nyama, nikamwekea mkate na sardini kwenye mfuko. Halafu nikafikiri ni kifua, nikamfunga skafu mpaka wenzake wakamcheka. Halafu, usinigombeze, nikafikiri kuna muntu amemwonea wivu, nikawaomba akina maman wa kanisa wamwombee, wakamwekea mikono kichwani akiwa amevaa soksi za mchezo. Yeye alikuwa akirudi anasema "ça va, maman," eti yuko sawa, anaingia chumbani. Ile sauti ya "ça va" ndiyo iliyoniogopesha. Nilijiambia, nimempoteza baba, sasa mutoto naye ananitoka akiwa ndani ya nyumba.

Mwisho kocha akamwambia asante, hatuna nafasi yako tena.

Halafu ikafika siku ya kumaliza matanga yako. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Picha yako tuliiweka juu ya televisheni, ile uliyovaa tai ya bluu. Tulikula, tukaimba, na watu walipoanza kucheka tena, Tonton Kalala akaanza utani wake. Unamjua, akishashiba sauti inapanda. Akamshika Serge shingo mbele ya wote: "Weye mutoto, wanasema mi njo nilikuleta kwa timu, unaniletea haya! Unanisukumaka kama muntu anafungula mulango ya kanisa, na ibada imeshaanza!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Hata mimi nilicheka. Serge akacheka pia, halafu akaingia jikoni.

Nikamfuata. Alikuwa anaosha glasi ambazo zilikuwa safi. Nikamwambia, mwanangu, tonton anakupenda, ni mchezo. Akajibu bila kugeuka: "Maman, kwenye mazoezi ni yeye anasimama mbele yangu. Kila siku ni yeye. Na papa alisema nisimuinulie mukono."

Papa Béa, nilikaa kwenye kile kiti kibovu cha jikoni.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika miguu yako pale kitandani hospitalini. Ulichukua mkono wa Serge ukauweka ndani ya mkono wa Kalala, ukasema, "Huyu njo papa yako sasa. Usimuinulie mukono hata siku moja." Nilijua kwa nini ulisema hivyo. Wiki ile tulikuwa tumesikia habari ya yule kijana wa jamaa yetu mmoja aliyemsukuma baba yake kwenye ngazi, na wewe ulikuwa huwezi kuisahau, ulikuwa unasema huku Ulaya watoto wetu watatupiga. Ulikuwa unajenga ukuta kumzunguka mutoto wako. Ulisema vizuri. Ila mchezo ule haukuwa kichwani mwako siku ile, na kichwani mwangu pia haukuwemo.

Na yeye amelishika neno lako mpaka likamtoa kwenye timu. Alikuwa akiinama pale kwenye mstari anainua macho, na ndani ya ile kofia ngumu iliyo mbele yake anamwona baba yake. Angemsukuma vipi? Wale Wabelgiji walisema ni mvivu. Wengine walisema mwoga.

Nilimwita tonton jikoni nikamweleza. Alikuwa ameshika sahani, akaiweka chini taratibu, lile jitu lote, mlinzi wa maofisi makubwa kule Schuman, machozi yakamtoka mpaka kwenye ndevu. Akamshika Serge mkono, akampeleka mbele ya picha yako. Akauchukua ule mkono akaupiga kifuani kwake, pu! Akasema, "Sukuma! Mbele ya papa yako minakupa ruhusa. Kwa uwanja mi si papa, mi ni ukuta. Sukuma!"

Serge akamjibu kwa heshima, kama ulivyomfundisha, kichwa chini: "Aksanti, tonton. Lakini si weye ulisema. Ni papa."

Hata pasteur alitazama viatu vyake.

Sasa nikuletee habari nzuri, kwa maana hazikosekani. Timu nyingine imemchukua, ya mji wa Waflama. Anapanda treni Gare du Nord na mfuko mkubwa kuliko yeye. Kocha anawafokea kwa Kiflama, Serge anaelewa nusu, nusu nyingine Nadine anamfundisha jioni wakila. Na kule, Papa Béa, hakuna anayemwita tonton! Anasukuma watu wanaanguka kama magunia, halafu anawainua na kuwaomba pardon. Anadaka kila kitu. Juzi nilimrushia chungwa kutoka jikoni, akalidaka mgongo umenigeukia, sijui aliona na nini. Anacheka tena ndani ya nyumba. Ile "ça va" imekufa.

Lakini Jumapili hii wanacheza na timu ya zamani. Na upande wa Serge, mwisho wa mstari, atakayesimama mbele yake ni Kalala. Tangu wapate ratiba, mutoto ameanza kula kidogo. Jana nilimkuta amesimama mbele ya picha yako, mikono mfukoni, kama anangoja wewe uanze.

Donc nakuomba, weye uliyelifunga lile neno, ulifungue. Njoo kwake usingizini, uje na lile koti la Jumapili akujue haraka, usimtishe. Umwambie heshima haijavunjika. Umwambie nyumbani na barabarani mkono unakaa chini, na kwenye yale majani ausukume ukuta. Barua hii kesho nitaileta makaburini kabla ya kazi, nitaiweka chini ya kile chungu cha maua, mvua isiichukue kabla yako.

Jumapili nitakwenda. Sijaenda uwanjani tangu uliponiacha, nilikuwa naogopa kuiona nafasi yako pembeni iko wazi. Sasa nitasimama pale mimi. Nimeshalipunguza koti lako mikono, linanitosha. Nitapiga kelele "attrape" mpaka wanitoe. Hilo nakuahidi, na nakuahidi kwamba ukuta uliomjengea mutoto hautabomoka, nitaulinda, nitaufungua mlango tu.

Lala vizuri, mume wangu. Kalala anasema akianguka Jumapili atakuwa muntu mwenye furaha kuliko wote Brussels, na amenunua dawa ya kuchua mgongo mapema.

Nitumie jibu upesi, kabla ya Jumapili. Na kama asubuhi ile mutoto ataamka bila ndoto, nitamfunga kamba za viatu nikamwambie mwenyewe: papa yako amekubali. Sitakuwa nimesema uongo. Hujawahi kunipinga mbele ya watoto.

Wako,
Maman Béa